Baba yangu amerudi kufanya kazi katika nyumba tulimofukuzwa

Wenye ukurasa huu, wekeni habari yangu lakini jina langu mlifiche, maana kaka zangu wanawasoma kila siku. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nimeolewa, ninaishi Lubumbashi na wanangu. Asili yetu ni Kasai, ila mimi na baba yangu tulizaliwa huku huku Katanga. Babu ndiye aliyeletwa kuchimba shaba.

Tuliishi Kapata, nje kidogo ya Kolwezi, katika nyumba ya kampuni. Baba alikuwa fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine. Pampu ya mgodi ikiharibika, dereva alitumwa kumwita hata siku ya Mungu, naye alivaa viatu huku anacheka. Halafu kampuni ikaanza kuanguka, mishahara ikakawia, na watu wakaambiwa kwamba sisi Wakasai ndio tuliokula kazi zao. Asubuhi moja vijana walikuja kwetu wakaupiga mlango mawe mpaka ukapasuka. Tulitoka na godoro moja na masufuria. Tulilala kwenye stesheni majuma mengi tukingoja treni ya Kasai, na mdogo wetu wa mwisho alifia pale pale.

Huko Kasai baba hakupata tena kazi ya ufundi. Mama alipofariki, nikamleta kwangu Lubumbashi, nilikokuwa nimeolewa. Nilidhani ninamtunza vizuri: chumba chake, nyama, dawa za presha. Akishika jembe, ninamwambia, "Papa, pumzika." Kitasa kikiharibika, mume wangu anaita fundi kutoka nje. Ikawa yeye ni kukaa tu kwenye kiti, hasemi, chakula kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Madaktari hawakuona ugonjwa. Mimi nikaanza kushuku mpaka majirani, kwamba kuna aliyemtupia kitu.

Mwaka jana akaondoka bila kuaga. Jioni akanipigia simu, akasema yuko Kapata.

Nilipanda basi nikamfuata. Nilimkuta uani kwenye ile nyumba yetu ya zamani. Anayekaa humo sasa ni bwana mmoja, nitamwita Kasongo. Amejenga karakana ya kutengeneza mashine za kusaga mahindi, na chumba cha nyuma amempa baba. Baba alikuwa amesimama mbele ya mashine, mafuta hadi kwenye viwiko, anabishana na Kasongo juu ya kipande cha chuma. Kwangu hakuwahi kubisha hata juu ya chumvi. Alinisalimia haraka, akarudi kubisha.

Nilimtazama yule Kasongo kwa jicho baya na bado ninamtazama hivyo. Ana adabu mno. Alimtuma mke wake anipikie bukari, yaani ugali, na samaki, mimi nikasema nimeshiba. Ni nani anayemchukua mzee wa watu, ambaye si wa kabila lake, akamlaza, akamlisha, tena ndani ya nyumba iliyokuwa yake? Nilifikiri anamtumikisha bure, kumbe kila Jumamosi anampa fungu lake. Nikafikiri anataka baba aseme mbele ya watu kwamba nyumba ni halali ya Kasongo. Nikafikiri na mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nikamuuliza jirani, mama mmoja aliyekuwapo tangu zamani, kama Kasongo alikuwa kati ya wale vijana. Akaniambia nimuulize mwenyewe. Nikamuuliza.

Kasongo aliangalia chini. "Mama, mi sikumuita tata yako, huyu muzee," akasema. "Alikuja yeye mwenyewe, akasimama ku mulango, anaangalia mashine yangu. Nikamuuliza kintu, akanijibu. Kesho yake akarudi. Ile ingine unaniuliza, nilikuwa mutoto wa masomo. Batu yote ilikuwa kule."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kwangu mimi hilo ni jibu.

Nikaenda kumwambia baba kwamba huyu anayekula naye huenda ni mmoja wao. Nikamkumbusha mdogo wetu. Baba alifuta mikono polepole.

"Mama, usifikiri mi nimesahau mutoto wangu," akasema. "Mi mwenyewe nilimuzika. Huyu Kasongo sijamusamehe, na yeye hajaniomba. Lakini kwako ninakula muzuri, ninalala muzuri, na hakuna mutu ananiuliza kitu. Hata kuoga, ninangojea batoto baniambie maji iko tayari. Hapa asubuhi batu banakuja, banasema, tata, tufanye namna gani? Nikikataa, banakubali. Niache."

Ndipo nikaona kidole chake kimefungwa kitambaa. Alisema ni mchubuko. Mke wa Kasongo akaniambia pembeni kwamba mashine ilimkata, na kwamba jicho la kushoto halioni vizuri tena.

Nilirudi Lubumbashi peke yangu. Nilipowaeleza kaka zangu hatimaye, juzi, walikasirika kweli. Wanasema ni aibu, kwamba baba amerogwa, na akifia katika nyumba ile ni mimi nitakayeulizwa. Jumamosi wanakwenda kumchukua, atake asitake, na wanataka niwe pamoja nao kwa sababu baba hunisikiliza mimi. Na mimi ninamshuku Kasongo kuliko wanavyomshuku wao. Silali nikifikiria ile mashine na lile jicho.

Leo mchana nilimpigia baba nimwonye kwamba wanakuja. Nilisikia chuma kinalia na watu wanacheka. Kabla sijasema lolote akanikatiza: "Mama, piga jioni, niko ku kazi." Akakata simu. Kwa miaka yote aliyokaa kwangu, hakuna siku hata moja aliyokosa nafasi ya kuongea nami. Nilibaki na simu mkononi, nimeumia, na papo hapo nimefurahi, na furaha yenyewe ninaiogopa.

Ninyi wenye wazazi, na ninyi mliofukuzwa kama sisi, semeni nami kabla ya Jumamosi. Niende na kaka zangu nimtoe pale, au niwazuie nimwache mikononi mwa yule mtu? Nifanye nini?