Nani Ataosha Vyombo vya Msiba?

Katika chumba changu cha ndani, pale ambapo wenzangu hapa Ruangwa wameweka friza, mimi nimeweka vyombo vya msiba. Kuna sahani za bati zenye maua yaliyobanduka, masinia, miiko mirefu ya kusongea ugali wa watu wengi, na masufuria ambayo mtoto anaweza kuogea humo akabaki na nafasi ya kucheza. Chini ya kila chombo kuna doa la rangi nyekundu ya kucha. Ndiyo alama yetu, maana sahani ikienda msibani bila alama huolewa huko huko na kwao hairudi tena.

Vyombo si vyangu. Ni vya kikundi chetu cha akina mama wa mtaa, cha kusaidiana panapotokea kifo. Nilikabidhiwa nivitunze kwa sababu chumba changu kina kufuli la maana, na kwa sababu mdomo wangu unaogopwa. Anayetaka kuazima sufuria kwa shughuli zake binafsi huulizwa maswali mpaka anaona heri akakodi. Hiyo sifa siikatai.

Watu hudhani chuki yangu kwa plastiki nimeitoa redioni. Mimi redio huwa sisikilizi, naibishia tu. Sokoni nakwenda na kikapu changu cha ukindu na chupa yangu ya mafuta ya kupikia, ile ile ya miaka yote, na muuza karanga akijitia kunifungia kwenye vimfuko vyake vya nailoni namrudishia kimoja kimoja mbele ya wateja wake. Mke wa mwanangu tukifika sokoni huanza kutembea mbali nami, kama vile tumekutana njiani. Nyuma ya nyumba yangu kuna shimo la taka dogo, linalokula maganda ya mihogo, majivu na majani. Nalionea fahari shimo lile namna wengine wanavyoonea fahari gari.

Sasa inabidi nieleze msiba wetu unavyokwenda, maana kisa chenyewe kimo humo. Wanaume hukaa mbele chini ya turubai, wanawake tunapika nyuma. Kula kwenyewe ni jambo la muda mfupi tu. Kazi ni vyombo. Wali wa msibani hupikwa kwa moto mkubwa na watu wasioelewana, kwa hiyo ukoko wake hushika sufuria kwa ukaidi wa ajabu. Tunakaa chini, miguu tumeinyoosha, mabeseni katikati, jivu na mchanga pembeni. Mmoja anasugua, mmoja anasuuza, mmoja anapanga kwenye mkeka, na wengine wote wanasema. Hapo ndipo utajua nani kaposwa, korosho za nani zimenyeshewa kabla ya kuanikwa, na marehemu alikuwa mtu wa namna gani hasa, tofauti na alivyosomwa kaburini.

Mfiwa yuko ndani kwenye mkeka, anasikia sahani zikigongana na watu wakibishana. Yeye haoshi. Kwetu hilo halina mjadala, mfiwa haoshi vyombo. Na hakuna mwanamke mwenye akili timamu atakayeondoka vyombo vikiwa vichafu, kwa sababu mada itakayofuata itakuwa yeye. Basi watu hukaa mpaka jua linazama, wakilalamika migongo.

Migongo ndiyo iliyoleta balaa. Mwenyekiti wetu alikwenda kwenye semina ya usafi, akarudi na wazo. Ni mama wa kutoka Singida, mumewe hununua ufuta huku kwetu, na namsema vizuri kwa moyo mweupe: ni mkarimu, mgonjwa akilazwa yeye ndiye wa kwanza kufika na chupa ya uji. Ana tatizo moja tu. Hawezi kuona jambo linalochukua muda bila kutaka kulifupisha.

"Jamani akina mama, tunajiumiza bure," alisema kwenye kikao, akainua kiboksi cheupe chenye mfuniko, vile ambavyo vijana wanaviita teikawei. "Mtu anakula, anatupa, kazi imekwisha. Tena ni usafi. Hakuna kuambukizana matumbo."

"Anatupa wapi?" nikauliza.

"Anatupa tu, dada yangu."

"Wapi?"

"Si kuna shimo?"

"Shimo la nani?"

Walianza kucheka. Nikawaambia shimo ni la mfiwa, kwamba sasa tutakuwa tunakwenda kumpa mtu pole na takataka kwa pamoja. Wakacheka zaidi. Mikono iliyoinuliwa kuunga mkono viboksi ilikuwa mingi kuliko nilivyowahi kuona, hata ya wale ambao huwa wanasubiri kuona wengine. Mimi niliambiwa niendelee kutunza sahani za bati kwa ajili ya kumbukumbu. Kwa maneno mengine, nilifanywa mlinzi wa makumbusho.

Haukupita muda mrefu, mume wa jirani yangu akafariki.

Huyu jirani nyumba zetu zinatenganishwa na uzio wa mabua. Ni mama mtu mzima, Mmwera wa Chunyu, amenizidi umri kiasi cha kuniita mwanangu. Yeye na mumewe walikuwa wakibishana kila siku kwa sauti ya juu kuhusu mambo yasiyo na kichwa wala miguu: mikorosho ipi ilipandwa kwanza, nani aliacha mlango wazi. Niliamka na ugomvi wao na nililala na ugomvi wao, na sikujua kwamba naupenda mpaka asubuhi ile ulipokosekana. Watoto wao mmoja yuko Dar, mmoja Mtwara, mmoja Nachingwea. Wote wangekuja, na baada ya siku chache wote wangeondoka. Yeye angebaki na eda yake, miezi ndani ya nyumba, haruhusiwi kutoka. Hicho ndicho nilichokihofia, nyumba ile kunyamaza mapema mno.

Viboksi vilitoka Nachingwea, vimefungwa nyuma ya bodaboda kwa kamba za mpira. Dereva hakuonekana. Tuliona kabati jeupe linakuja lenyewe barabarani. Mwenyekiti alilipokea kwa furaha aliyojitahidi kuificha, maana ulikuwa msiba.

Chakula kikapakuliwa, watu wakagawiwa, kila mmoja na kijiko chake cha plastiki na kichupa chake cha maji. Ndipo likatokea jambo ambalo kikao kizima hakikuliona. Sahani ya watu huwezi kuondoka nayo, kwa hiyo inakuweka hapo hapo. Boksi lenye mfuniko unaondoka nalo. Akina mama waliotoka Mbekenyera walitazama jua, wakatazama bodaboda zilizokuwa zinasubiri, wakafunga vifuniko vyao. Wengine wakasema watakula nyumbani na watoto. Wengine walikula wamesimama. Mwenyekiti alipita akiwaaga watu mlangoni, akisema, "Mnaona? Hakuna aliyechoka." Kabla ya alasiri uwanja ulikuwa mtupu.

Mtupu wa watu, nina maana. Takataka zilikuwepo. Viboksi vimefunguka kila mahali, vijiko, vichupa, na mbuzi wa jirani wa pili amesimama katikati anatafuna kifuniko kwa makini. Watoto wa marehemu walikuwa mbele na wanaume wakizungumzia mambo ya mirathi. Mjane akatokeza mlango wa nyuma.

"Watu wako wapi, mwanangu?"

"Wameondoka, mama."

"Kwani vyombo wameshaosha?"

"Hapakuwa na vyombo, mama."

Aliniangalia kama vile nimesema kaburini hapakuwa na udongo. Akatoka, akaokota boksi moja, akaligeuza huku na huku, akakung'uta punje za wali.

"Ntu haachi chombo kichafu," akasema kwa Kiswahili chake cha Kimwera, akaenda kwenye maji.

Akachuchumaa, akaanza kuosha. Nilishikwa na hasira. Mfiwa, siku aliyozikwa mumewe, anaosha maboksi ya kutupa. Nilimshika mkono akautoa taratibu. Nikaona kumzuia ni kumwongezea, nikakaa chini nikaosha naye. Kila tulichoosha kiliwekwa kwenye mkeka, na kila kilichowekwa kwenye mkeka kilipeperushwa mpaka kwenye uzio wa mabua, yeye akainuka kukifuata. Tuliosha vile vitu na havikutoa sauti. Sahani za bati zikigongana mtaa mzima unajua kuna watu. Boksi ukilipiga na jingine halisemi chochote.

Kesho yake vijana wakavitia shimoni kwa mjane, wakawasha moto. Moshi mweusi, mzito, ukaingia moja kwa moja ndani kwa mtu asiyeruhusiwa kutoka. Mwenyekiti alikuja kumjulia hali, akaanza kukohoa mlangoni.

"Kuna mtu anachoma nini huku?"

"Usafi," nikamwambia.

Arobaini ilipokaribia, mwenyekiti akaagiza viboksi tena. Safari hii vilikuja kwa basi dogo, na mimi nikajitolea kwenda kuvipokea stendi. Alifurahi kweli. Aliwaambia wenzake kwamba hata mimi nimeanza kuelewa, na kwamba watu wasikatiane tamaa. Nilivipokea, nikavipeleka kwenye chumba changu cha ndani, nikavipanga vizuri, nikatoa sahani za bati, nikafunga kufuli. Asubuhi aliponiuliza viboksi viko wapi nilimjibu kwamba viko salama, na ni kweli tupu, mpaka leo viko salama.

Akina mama walipokuta masinia yamepangwa walinung'unika sana, lakini hakuna aliyetaka kunihoji. Kuna siku mdomo unalipa. Aliyekuwa jikoni nilimwambia asihangaike sana na kupunguza moto, wali ushike tu. Stiliwaya za kusugulia nilikuwa nimezinunua, nikazisahau nyumbani kwa kukusudia kabisa. Mabeseni nilileta machache.

Basi tukala, hitima ilikwisha kusomwa, wanaume wakatawanyika, na sisi tukakaa chini kama zamani. Sufuria ile kubwa ilimwangukia mwenyekiti. Alivua bangili zake, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaanza kusugua ukoko kwa mchanga huku akinitazama kwa jicho ambalo nilistahili. Watu wakaanza kusema. Mmoja akasimulia jinsi marehemu alivyofukuzwa na nyuki kwenye mikorosho yake kule Chunyu, akakimbia mpaka barabarani na koti la mtu mwingine. Tukiwa tunacheka, sauti ikatoka ndani.

"Nwongo huyo! Hawakuwa nyuki. Alikimbia ng'ombe wa shule!"

Ilikuwa ile ile sauti ya ugomvi. Mikono yote ikasimama, kisha kikazuka kicheko, kila mtu akaanza kumbishia kupitia dirishani, na yeye akawa anawajibu mmoja mmoja, anawatusi kistaarabu, anasahihisha tarehe na majina ya ng'ombe. Niliinama kwenye beseni langu ili machozi yangu yasionekane.

Kelele zilipopungua, mwenyekiti akasema bila kuinua kichwa, "Mama yangu alipofariki mimi nilikuwa huku. Nilisafiri njia nzima nikijiambia nitawahi. Nilipofika nilikuta vyombo vimeoshwa, vimekauka, vimeinamishwa. Nikajua hakuna mtu."

Aliyekaa karibu naye alimsogezea jivu, naye mwenyekiti akaendelea kusugua. Sufuria ile aliiosha mpaka jua likazama, ingawa ilikuwa imetakata zamani.

Wakati wa kukusanya, vyombo havikutimia. Sinia moja halikuwepo, na sahani mbili. Nilianza kupandisha hasira, nikapekua vikapu vya watu waliokuwa wanaaga, nikamwuliza mwanamke mmoja wa Mbekenyera maswali ambayo sitayaandika hapa. Mwisho nikaingia ndani kumuaga mjane. Nilipoinama kumpa mkono nikaona kitu kinang'aa chini ya kitanda, kimefunikwa kanga ya zamani. Ukingo wa sinia, na punje za wali zimekaukia juu yake.

Akanitazama, kisha akatazama ukuta.

"Umepata vyote, mwanangu?"

"Nimepata vyote, mama."

Asubuhi nilibisha hodi mapema. Nikamwambia nimefuata vyombo vya watu.

"Karibu," akasema, "ila bado havijaoshwa."

Nilikuwa nimekuja na jivu langu. Nikakaa nje ya mlango wake, yeye akakaa ndani kwenye kizingiti, akaanza kunisimulia upya habari za yule ng'ombe, kwa kuwa jana watu walimkatiza. Niliosha sinia, nikaosha sahani moja. Ile ya pili nikairudisha chini ya kitanda na uchafu wake, nikamwambia nitaifuata kesho.