Abiria Aliyebaki Kwenye Kombi ya Baba

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, siku ya Ijumaa, nikiwa nimekunywa chai tu. Nasema mapema kwa sababu najua utakachouliza. Wengi waliokutana na vitu vya namna hii walikutana navyo usiku, njiani, na nusu yao walikuwa wanatoka kilabuni. Mimi nilikuwa uani kwangu Korogwe, mtaa wa Manundu, nimevaa ovaroli iliyonibana tumbo, mkononi nina brashi ya waya. Nimesoma chuo kikuu. Kwa miaka mingi nimeandika makala za kuwacheka watu wanaosema wameona wafu. Kama unayo yoyote kati ya hizo, washia moto.

Marehemu baba yangu aliacha kombi. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa gari pekee la mtu binafsi katika kambi ya mkonge kule Mazinde. Baba alikuwa karani wa shamba, lakini kwa watu wa kambi alikuwa dereva wa shida zao: mjamzito, mgonjwa, maiti, wote walipanda kombi ya karani. Alipofariki ikawekwa bandani, kuku wakataga ndani yake. Mwaka huu nikaamua kuifufua. Mwanamume wa umri wangu akikosa la kufanya ama huoa mke wa pili, ama huanza kufuga kuku wa kisasa. Mimi nilichagua kombi, na mke wangu alisema afadhali.

Fundi wangu anaitwa Abasi, mjukuu wa manamba, wale vibarua walioletwa zamani kutoka mbali kuja kukata mkonge. Aliisikiliza injini siku moja akasema haina neno. Ugonjwa ulikuwa ndani. Ikabidi tuing'oe yote: viti, mbao za kutani, mpira wa sakafuni. Bolti za viti zilikuwa zimeng'ang'ania hata tukazilowesha mafuta ya taa siku mbili. Kila kilichotoka tulikipanga kwenye turubai kwa mpangilio wake, nati zikaingia kwenye makopo. Halafu ikaja kazi yenyewe: kukwangua kutu kwa brashi ya waya, kupiga msasa hadi bati ling'ae, kupaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na kule ndani ya mbavu za bodi, ambako mkono haufiki, kumimina oili chafu.

Kila mahali rangi ilishika, isipokuwa sehemu moja: sakafuni, nyuma ya kiti cha dereva, eneo refu kiasi cha mtu kulala. Tulilikwangua Jumatatu tukapaka. Jumanne kutu ilikuwa imetokeza juu ya rangi. Tukarudia. Alhamisi, vilevile.

"Mwalimu," Abasi akasema, maana ndivyo anavyoniita kwa ajili ya usomi wangu, "hii rangi umenunua au umekoroga mwenyewe kwa kufuata kitabu?"

"Nimenunua."

"Basi ni mkono wako. Kuna watu hata wakipanda muhogo unakufa."

Siku ya Ijumaa, adhana ilipolia, akanawa mikono akaniambia twende msikitini. Nikasema nguo zangu chafu.

"Mungu anajua kama ni nguo au ni wewe," akajibu, akawasha pikipiki yake akaondoka.

Mke wangu alikuwa sokoni. Mtaa mzima ulikuwa kimya. Nilikuwa nimekwangua lile eneo kwa mara ya tatu, na vumbi la kutu lilikuwa limetanda sakafu nzima, jekundu, laini kama pilipili ya kusaga. Nikashuka kufuata msasa kwenye turubai, hatua nne tu. Niligeuka nikakuta mzee ameketi ndani ya kombi.

Alikuwa amekaa palepale pasiposhika rangi, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza kwenye bati. Shati la kaki, pekupeku, mikono imejaa makovu madogomadogo ya miiba ya mkonge. Nilidhani ni mzee wa mtaani aliyetafuta kivuli. Wewe ungedhani nini?

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akasema. "Tumefika wapi?"

"Hapa ni Manundu, mzee wangu."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa kitu asichoweza kukishika. "Tumefika wapi?"

"Korogwe, mzee. Manundu. Unatafuta nyumba ya nani?"

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuuliza: "Dereva yuko mbele hanisikii. Na huyu kijana niliyepewa anasoma kitabu tu. Tangu tulipotoka anasoma."

Brashi ilinidondoka. Kwa maana kijana huyo nilikuwa mimi.

Ngoja nikueleze. Wazee wa kambi ya Mazinde walikuwa na desturi moja. Sijui kama ilitoka kwa Wazigua au ilikuja na manamba kutoka kwao. Maiti akisafirishwa kwenda kuzikwa kwao, lazima mtu akae naye nyuma na kumtajia njia. Hapa tunatoka kambini. Hapa ni Mombo. Sasa tunavuka mto. Walisema mtu aliyefia ugenini hajui kwamba ameondoka, na asipoambiwa atabaki njiani. Shehe wetu hakuipenda desturi hiyo, lakini hata yeye hakuwahi kuizuia.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nimekuja likizo, alifariki kibarua mmoja aliyeitwa Mhina, mtu wa Kang'ata, Handeni. Hakuwa na ndugu kambini, na mimi sikuwahi kumjua. Baba akaniambia, "Wewe utakaa naye. Mtajie njia, usiache hata mji mmoja." Nikaitikia. Nilikaa sakafuni kando ya mwili uliofunikwa, nikatoa kitabu. Nilikuwa nimejifunza maneno mengi mapya mwaka ule, na yote yalinikataza kuongea na maiti. Niliona haya. Nilimwonea haya nani? Tulikuwa wawili tu kule nyuma, na mwenzangu alikuwa amekufa.

Tulipofika Kang'ata, baba aliniuliza kwa sauti ya chini, "Umemtajia?"

"Nimemtajia," nikasema.

Basi nilisimama pale uani, nina nywele za mvi, nikatazama sakafu ya kombi. Nyayo zangu zilikuwa zimetapakaa kwenye vumbi la kutu, za kuingia na za kutoka. Za kwake hazikuwapo. Hata pale alipokalia, vumbi lilikuwa limetulia kama lilivyoanguka. Niamini, sikukimbia. Si ushujaa. Aibu ilikuwa kubwa kuliko hofu.

"Mzee Mhina," nikasema.

"Naam."

"Yule kijana ni mimi."

Alizitazama mvi zangu. "Umezeeka," akasema. Halafu akasema, "Basi niambie."

Nikafungua mdomo, na hapo pikipiki ya Abasi ikaingia getini. Nilipepesa jicho mara moja, kombi ikawa tupu.

Abasi alinikuta nimekaa chini nalia. Nikamweleza yote, huku nikisubiri kicheko. Hakucheka. Alifuta mikono kwa tambara, ingawa mikono yake ilikuwa safi.

"Umemwambia Manundu hakukuelewa?"

"Hakunielewa."

"Hawezi. Hajui hata kama ametoka Mazinde. Utaanza pale ulipotakiwa kuanza." Akainama akaokota kopo la nati. "Kesho asubuhi. Leo nirudishe kiti cha dereva."

Kwa hiyo Jumamosi, jua lilipochomoza, kombi isiyo na chochote ndani isipokuwa kiti kimoja ilirudi Mazinde. Tuligeuza palepale zilipokuwa nyumba za kambi. Siku hizi zimebaki kuta na magugu. Abasi kwenye usukani, mimi sakafuni nyuma.

"Mzee Mhina," nikasema, "tunatoka kambini Mazinde."

"Mwalimu, sema kwa sauti!" Abasi akapiga kelele kutoka mbele. "Hata mimi niliye hai sisikii!"

Nikasema tena, kwa sauti. Watu wawili waliokuwa wanapita na majembe wakasimama wakanikodolea macho. Tukaingia lami. Tulipofika Mombo nikataja Mombo, na karibu na goti langu, chini kidogo, sauti ikaitikia: "Eee."

Sikumwona tena kwa macho, nakuambia ukweli. Lakini kila nilipotaja aliitikia. Makuyuni. Eee. Korogwe. Eee. Mto Pangani, mzee, tunavuka daraja, maji ni mengi. Eee, safari hii akavuta pumzi kama mtu anayenusa maji. Nilianza kumwambia na mengine: kwamba mkonge umepungua, kwamba barabara ya Handeni sasa ina lami, kwamba karani amefariki. Tulipopita Sindeni nilikuwa naongea naye kama mtu na mjomba wake. Nilijiuliza siku ile ya kwanza nilikuwa nasoma nini cha maana hivyo. Kitabu chenyewe sikikumbuki hata jina.

Tulipotoka Handeni mjini na kuiacha lami, akauliza swali, kwa mara ya kwanza tangu Mazinde.

"Mama Mwanaidi yupo?"

Nilijua ni mkewe. Sikujua kama yuko hai. Ningesema sijui. Lakini safari ilikuwa nzuri, na nilitaka iendelee kuwa nzuri, nikasema, "Yupo, mzee. Tutamkuta." Mimi ni mtu gani, nisiyejifunza?

Kang'ata tuliulizia, tukaonyeshwa kiwanja chenye nyumba ya bati na shamba la mahindi nyuma yake. Abasi akazima injini.

"Mzee Mhina, tumefika Kang'ata. Hapa ni nyumbani kwako."

Hakuitikia. Kombi iliinuka kidogo upande wa nyuma, springi zikalia, kama zinavyolia mtu mzima anaposhuka. Abasi aligeuka.

"Umeshuka, mwalimu?"

"Sijatikisika."

Mwanamke wa rika langu alitoka ndani, kanga mabegani, akatukaribisha bila kutujua. Huyo ndiye Mwanaidi. Nikamwambia mimi ni mtoto wa karani wa Mazinde aliyemleta baba yake, na tumekuja kumwamkia mama. Akanyoosha mkono kuelekea shambani.

"Mama tulimzika masika haya," akasema. "Pale, ubavuni mwa baba."

Alituletea viti na maji. Nadhani alifurahi kupata watu wa kuzungumza nao habari za wazazi wake, kwa hiyo alieleza bila kuulizwa. Mama yake hakuolewa tena. Kila mtu pale kijijini alikuwa akiwaota wafu wake. Yeye hakuwahi kumwota mumewe hata mara moja. Wiki ile Mhina alipoondoka kurudi kambini walikuwa wamegombana kwa ajili ya mbuzi, ugomvi mdogo, na mama alimaliza umri wake wote akiamini kwamba mumewe alikufa na kinyongo, ndiyo maana hataki kuja. "Hata siku za mwisho," Mwanaidi akasema, "alikuwa akiniuliza: baba yako bado tu ana hasira na mimi?"

Nilitaka kunyamaza. Nilikuwa na uzoefu mkubwa wa kunyamaza. Abasi akanitazama, basi nikamweleza Mwanaidi yote: kitabu, uongo niliomwambia baba, kutu, Ijumaa, safari ya asubuhi hiyo. Alisikiliza hadi mwisho, akichezea pindo la kanga yake.

"Kwa hiyo hakuwa na hasira naye."

"Hapana, dada. Alikuwa hajui yuko wapi."

Aliyatazama yale makaburi mawili. Hakulia, wala hakunitukana. Alisema tu, "Ungekuja kabla ya masika."

Sina cha kuongeza juu ya hapo. Rangi ilishika Jumatatu iliyofuata, kwa kupakwa mara moja tu, haikutoa kutu tena mpaka leo. Viti vimerudi, mbao zimerudi, kombi inapendeza. Nimekwenda kwenye kaburi la baba kumwambia kwamba siku ile nilimdanganya. Usingizi wangu si kama zamani. Karibu na alfajiri huamka nikisikia swali la yule mama, mtu ambaye sikuwahi kumwona, na sina wa kumpelekea jibu.

Siku hizi hapa Korogwe maiti akisafirishwa, huwa naomba nikae naye. Wengine wananicheka, hasa wale waliowahi kusoma makala zangu. Nakuomba wewe unayenisikiliza: siku utakapopewa mtu wa kumsindikiza, usitazame nani anakuona. Funga kitabu, weka simu mfukoni, mtajie njia. Na kama uliwahi kupewa ukanyamaza, usiseme ni zamani mno. Tafuta gari leo. Huenda huko anakongojewa kuna mtu bado yu hai.