Mizizi ya Kijiti

Nilikuwa bado mtoto wa darasa la tatu, tunakaa Kiwalani nyumba ya kupanga, siku shangazi Mwanaidi alipokigundua kijiti cha mama. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyewasugua singo, ile ya liwa na manukato, wanawake wote wa ukoo, bi harusi, mzazi, yeyote, hakuna mwili asioujua. Harusi ya binamu ilikuwa imekaribia, mama kakaa mkekani na kanga kifuani, shangazi anamsugua mkono wa kushoto, mara vidole vikasimama upande wa ndani, juu ya kiwiko.

"Wifi, nini hiki?"

Mama akasema ni cha uzazi wa mpango, baada ya zile operesheni mbili za kujifungua daktari kamwambia apumzike.

"Ndiyo maana Ramadhani nzima leo unafunga, kesho unakula. Hicho kinaota mizizi, wifi. Kinafuata mshipa mpaka kwenye moyo, na kinakunywa damu ya watoto wa kaka yangu."

Wanawake wakacheka. Mie sikucheka. Tangu siku ile kila mama akifua nauangalia mkono wake, nangoja jani lichomoze. Naye nilimwona anajibonyezabonyeza. Damu ilikuwa inamtoka kweli, matone tu, haijulikani inaanza lini inaisha lini, na siku aliyowekewa hakuna aliyemwambia kwamba inaweza kuwa hivyo. Sasa wa kumweleza akabaki nani? Shangazi. Kila akija, kabla hata ya chai: "Mti wako bado unao?" Baba anasikia, anaongeza sauti ya redio.

Mama akaenda kukitoa, nikiwa naye. Nesi akamuuliza kama ameamua mwenyewe, mama akajibu ndiyo, ila macho yake yalikuwa kwangu, si kwa nesi.

Mimba ikaingia haraka. Siku ya uchungu mshono wa zamani ukaachia, akavuja damu mpaka akafa, na mtoto naye hakupona. Matanga hayajaanuliwa, shangazi kakaa katikati ya wanawake: "Si niliwaambia? Mizizi ilishabaki ndani." Watu wakaitikia kwa vichwa. Basi maneno yake yakawa yametimia, mama yangu akawa ushahidi wake, na mie niliamini hivyo mpaka nafika kidato cha tatu, mwalimu wa baiolojia anatufundisha uzazi, kumbe kijiti hakioti mizizi, nami nalia darasani, hakuna anayejua kwa nini.

Leo nina binti wa miezi minne, nina kijiti mkono uleule, na matone yaleyale, na naogopa, siwezi kusema siogopi, kuna asubuhi nakishika chenyewe kabla sijamshika mtoto, nione kama kimesogea. Nilirudi kwa nesi aliyeniwekea, nikakaa palepale mpaka akanieleza vizuri, akanipa na dawa. Halafu nikampigia shangazi, nikamwomba aje anisinge kwa singo yake.

Alikuja, mzee sasa. Nikamwamkia, nikampa mkono wa kushoto kwanza. Mawifi zangu wapo, majirani wapo. Vidole vikasimama.

"Mwanangu, na wewe?"

"Bonyeza, shangazi. Nitafutie mizizi."

"Usinifanyie hivyo."

"Wewe si ndiye fundi? Tafuta, halafu uwaambie hawa, mama yangu alikufa na nini."

Akabonyeza. Kinateleza chini ya ngozi, chembamba kama njiti ya kiberiti, basi, hakuna kingine. Singo ikawa inamdondoka mkekani, na mie mkono wangu sikuuondoa.

Nyumbani wanasema nimemdhalilisha mtu mzima. Ni kweli. Najua hakuwa mchawi, aliamini alichosema, lakini kuamini kwake kulimtoa mama yangu duniani, na akakaa matangani kujisifia. Nilidhani nikishafanya vile nitapoa. Sijapoa. Kijiti changu ni cha miaka mitatu, na sikitoi. Idi ikija nitamwita tena, nimwandalie mkeka, na mkono nitakaompa kwanza ni wa kushoto.