Siku Mama Alipousikia Wimbo Wake

Kila nikiponda tangawizi, harufu yake hunirudisha kwenye kanisa letu la mabati kule Riruta, nimeketi kando ya mama, naye anatafuna kipande chake polepole kwa ajili ya koo.

Mama ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya, hadi alipofanyiwa upasuaji wa koo akarudi nyumbani na mnong'ono tu. Jumapili moja baadaye, kwa mara ya kwanza, msichana mmoja wa kwaya alisimama mbele kuuimba wimbo wa mama. Mimi nilikunja uso, nikakataa kupiga makofi. Mama alipiga, macho ameyafumba, midomo ikifuata kila neno bila sauti.

Ibada ilipoisha alimwendea yule msichana, akamshika mikono.

"Hapo mwisho usiharakishe," alimnong'oneza. "Pumua kwanza."

Njiani, vumbi jekundu likitupanda miguuni, nilimuuliza, "Mama, si hiyo ni wimbo yako?"

"Ilikuwa yangu nikiimba. Leo ni yake." Akatembea kidogo. "Unajua sijawahi kuisikia? Nikiimba nilikuwa nasikiliza tu vile watu wananisifu. Kumbe ni tamu hivi."

Nikadhani yamekwisha. Lakini jioni nilimkuta jikoni amenipa mgongo, mabega yakitikisika, na hakuna sauti iliyotoka. Nilishika pindo la leso aliyojifunga kiunoni. Hakunifukuza, wala hakujipangusa machozi. Tulisimama hivyo hivyo, mimi na yeye, mpaka maji ya chai yakachemka na kufurika.