Mshukaji wa Igoma Apanda Milima ya Iringa

Kule Igoma, juu ya jiji la Mbeya, kila kitu kimening'inia. Nyumba zimening'inia, mashamba ya viazi yamening'inia, pareto imening'inia, na mtoto akidondosha kiazi mlangoni anakwenda kukiokota kwa jirani wa chini. Huko ndiko alikokulia Atuganile. Akiwa na miaka kumi na mitatu alikuwa tayari anashusha viazi kwa baiskeli hadi barabara ya lami, na alipofikisha ishirini na mbili alikuwa mshindani wa kushuka milima, yale mashindano ya dakika nne au tano. Fuso linakupandisha juu, wewe na baiskeli yako, unaachiwa, unaporomoka kama jiwe, basi, imekwisha.

Hakuna aliyewahi kumwona Atuganile akipanda mlima kwa pedali. Waliomcheka aliwajibu, "Gunia halipandi lenyewe."

Mwaka jana alianguka, mtulinga, ule mfupa wa begani, ukavunjika. Mama yake, Esnath, alimuuguza miezi miwili bila kumgombeza hata mara moja, na kule kutogombezwa kulimtisha Atuganile kuliko maumivu. Siku ya kufunguliwa bandeji, mama aliipandisha baiskeli darini, ikalala na mahindi. Ikabaki huko mpaka ziliposikika habari za enduro Iringa.

"Enduro ndio nini?" mama akauliza.

"Tunashuka vipande vinne. Muda unapimwa wakati wa kushuka tu. Kutoka kipande hadi kipande unapanda mwenyewe, taratibu, ilimradi usichelewe kuanza."

"Unapanda mwenyewe? Wewe?"

"Mimi, mama."

Mama alicheka mpaka akashika mlango. Halafu kicheko kikakatika. "Sikiliza, gwe Atu. Nenda. Ila ukinirudia na damu, hata ya kidole, hiyo baiskeli naifungia keria ibebe viazi mpaka izeeke. Nimemaliza."

Esnath akisema amemaliza, huwa amemaliza kweli.

Akampa na chupa ya togwa ya ulezi, nzito, nyekundunyekundu. Sasa, mtoto yeyote wa milimani anajua kwamba togwa ikisafiri, kizibo hulegezwa kidogo ipumue. Ndani ya basi la Iringa Atuganile aliipakata chupa yake imelegezwa vizuri kabisa. Lakini asubuhi ya mashindano, alipoitia kwenye begi la mgongoni, alikumbuka mawe na mashimo. Nani amwage togwa ya mama mlimani? Akakaza kizibo kwa nguvu zote.

Washindani walikuwa kumi na wanne, wamekusanyika juu ya mteremko unaoitazama Ipogolo, chini ya mji wa Iringa. Msichana mmoja mrefu, Yusta, ambaye baba yake anafanya kazi kiwanda cha karatasi Mgololo, alimkaribia akitabasamu.

"Kamwene, dada wa Mbeya! Fuso lako umeliegesha wapi?"

"Limegoma. Limesema leo nijibebe."

Wote wakacheka, na Atuganile naye. Ushindi hakuuwazia kabisa. Aliwaza viwiko vyake, magoti yake, vidole vyake kumi.

Kipande cha kwanza kilimshangaza. Kwao udongo ni mweusi, unaling'ata tairi na kulishika. Hapa kulikuwa na changarawe juu ya mwamba, kama kuendesha juu ya maharage makavu. Akashuka amebana breki, meno nayo ameyabana, akafika chini mzima.

Kisha mlima. Aliuvamia kana kwamba kuna mtu anamfukuza, na baada ya dakika kumi mapafu yalikuwa yanawaka moto. Yusta akampita polepole, wala hahemi.

"Wee dada, mlima haukimbizwi! Weka gia nyepesi, kaa kitini, funga mdomo."

"Nikifunga mdomo nakufa!"

"Basi fungua, ila usiongee."

Akajaribu. Gia nyepesi, kitini, pumzi moja, pumzi nyingine. Na ndipo akaanza kuona vitu. Mijusi ya rangi ya samawati juu ya mawe makubwa kama nyumba. Mama mmoja anapalilia, akampungia jembe. Ajabu! Miaka yote hiyo alikuwa akiipita milima kwa kasi asijue kwamba na yenyewe ina sura. Alifika mwanzo wa kipande cha pili zikiwa zimebaki dakika tatu. Cha tatu, zilibaki sita.

Kipande cha nne kilikuwa kinashuka moja kwa moja hadi Ipogolo. Jua lilikuwa limepanda, begi limepata moto mgongoni, na miguu ilikuwa inatetemeka kwa uchovu ambao mshukaji haujui. Katikati ya mteremko akaruka jiwe, akatua vibaya kidogo, na papo hapo, PAA!

Tairi! Akabana breki, akasimama. Akalibonyeza la mbele, zima. La nyuma, zima. Ndipo akasikia uvuguvugu unamtiririka mgongoni, unashuka kiunoni, unapita pajani mpaka ndani ya kiatu. Akatazama mguu wake. Mwekundu.

Hakusikia maumivu. Lakini hata siku ya mtulinga maumivu yalichelewa. Macho yake yaliona keria tu, na fundi anaichomelea.

Mwangalizi wa kipande hicho, Mzee Vitus, mwalimu wa kwaya ya Walutheri, alikuja mbio huku filimbi inagongagonga kifuani. "Kaa chini, mwanangu! Usijiguse!" Akamvua begi kwa uangalifu kama anayemvua mtoto mchanga nguo. Akachungulia mgongo. Akainamisha pua, akanusa, akanusa tena.

"Mwanangu," akasema, "damu yako imechacha."

"Nini?"

"Hii ni togwa. Na imeiva kwelikweli, imetupa kizibo."

Atuganile alicheka, na machozi yakamtoka humohumo kwenye kicheko. Mzima! Hana hata tundu la sindano! Angekaa pale kwenye changarawe mpaka jioni kama mzee asingepiga filimbi sikioni mwake. "Saa inakwenda, bibie! Panda!"

Akashuka akinata kila mahali, nzi wanamsindikiza, akaukata mstari wa mwisho akiwa wa tisa. Yusta, aliyekuwa wa nne, alimkagua viwiko, magoti na vidole kimojakimoja. "Hamna hata mkwaruzo."

Mama alipopiga simu ya video, hakusalimia. "Simama nikuone. Geuka. Vua soksi. Na huo wekundu?"

"Togwa, mama."

"Ulikaza kizibo."

"Nilikaza."

"Mungu wangu, nimesomesha nini mimi!" Kisha Atuganile akasikia pumzi ndefu upande wa pili, pumzi ya mtu aliyeketi chini baada ya kusimama siku nzima. Safari hii mama hakucheka aliposema, "Haya. Na hayo mashindano ya kupandapanda, yanafanyika tena lini?"

Atuganile alijilaza chali kwenye majani, miguu inatetemeka, simu kifuani.

"Mwezi wa tisa, mama," akasema, akafumba macho.