Mtu Hajifutii Mwenyewe

Nimeingia nyumba ile tena. Wiki iliyopita, saa nne asubuhi, jua la Disemba limeshapanda na uchochoro wetu bado una kivuli chake cha zamani, baridi, kama mtu amesahau kukifungulia mlango kitoke. Siku hizi ni hoteli. Mjukuu wangu kapata kazi pale, anapokea wageni, na ndiye aliyenishika mkono akanambia, "Njoo bibi, uone ulipokulia."

Asubuhi ile kabla hatujatoka alinionesha simu yake. Katupangia malengo ya Krismasi nyumba nzima: nani atapaka rangi ukuta wa mbele, nani atashona mapazia, nani atatafuta kuku wa kienyeji. "Na wewe bibi uko hapa, utachambua viungo vya pilau. Ukimaliza unabonyeza, inatoka alama ya kijani."

"Nnabonyeza mwenyewe?"

"Mwenyewe ndiyo."

"Na nani kaniona?"

Akanitazama kama ninayezungumza lugha ya majini. Si kosa lake. Hakumkuta bibi yangu.

Ngoja nikwambie basi, wewe mwenye nafasi. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na bibi yangu hakulifikia hata la kwanza, lakini kupanga mambo alipanga. Wazee wake walitoka bara, yeye kazaliwa hapahapa Mji Mkongwe, na tulikaa ghorofa ya juu kabisa, jiko likiwa juu karibu na paa. Sijui kwa nini watu wa zamani waliweka jiko juu. Wengine wanasema moshi utoke, wengine wanasema moto ukiwaka uanze na paa. Mimi nnachojua ni kuwa kila kitu kilipanda kwa miguu yangu: maji, nazi, mkaa, samaki. Vidato ishirini na nane. Ishirini na saba vya mbao, na cha chini kabisa, cha mlangoni, cha jiwe.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, zile wiki nne za kuingojea Krismasi, tukitoka kanisani, bibi hakuvua hata viatu. Alichukua kipande cha mkaa akasimama mbele ya mlango wa jiko, upande wa ndani, akamwita mmoja mmoja. Kila mtu alitaja jambo moja atakalolimaliza kabla ya Krismasi, na bibi alilichora. Mjomba alichorewa ufagio mdogo wa kupakia chokaa. Mama alichorewa sindano, maana nguo zetu zote alizishona yeye. Jumapili zilizofuata tulirudi palepale mlangoni kuulizwa tumefika wapi, na ukimaliza jambo lako, mchoro unafutwa kwa kitambaa na maji ya limau. Ila mtu hakujifutia mwenyewe. Alikufutia mwenzio aliyekwenda akaona kwa macho yake. "Kisogo chako anakiona mwenzio," bibi alisema. Na mkesha wa Krismasi kengele ya kanisa ikilia, mlango umefungwa, hakifutwi tena kitu. Kilichobaki kinabaki mwaka mzima, kila ukiingia kupika kinakutazama.

Mjomba ndiye aliyekuwa tabu.

"Umefika wapi?"

"Mama, ukuta nshaurashia maji."

"Ukuta haunywi maji, unakula chokaa."

"Chokaa nimeiloweka."

"Toka Jumapili ya kwanza? Hiyo si chokaa tena, hiyo ni uji."

Tukacheka mpaka mama akadondosha sindano za mdomoni.

Nikifumba macho nnainusa Disemba ile. Chokaa mbichi, karafuu zinazoanikwa mtaa wa nyuma, wanga wa nguo, maganda ya shokishoki tunayoyakanyaga. Adhana ya adhuhuri inakwisha, kengele yetu inapokea, na njiwa hawajui waruke kwa ipi. Mchana ulikuwa mrefu, wa rangi ya asali. Siku hizi sijui mchana unakwenda wapi.

Sasa, mwaka ninaousema, mimi nilichorewa ngazi. Miti miwili ya kusimama, mitupu. Kila kidato nitakachokisugua kwa mchanga na kumbi la nazi, bibi ataongeza mstari mmoja wa kulala, kuanzia juu kuja chini. Na yeye mwenyewe akajichorea duara. Duara tupu. Mjomba akauliza, "Hicho nini, chapati?" Bibi akajipangusa mkaa vidoleni.

Mimi nilikijua. Ilikuwa sahani.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mlango unaokabiliana na wetu, hatua nne tu, alikaa jirani yetu, mshonaji wa kofia za viua, zile za kudarizi kwa mkono. Shoga yake bibi wa miaka. Sikukuu ya Idi sahani inatoka kwake inakuja kwetu, Krismasi inatoka kwetu inakwenda kwake, na sahani hairudi tupu. Wabebaji ni watoto, siku zote. Mtu mzima habebi sahani ya sikukuu, anakaa kwake akisubiri kusikia "mama kasema ahsante." Na kuku wetu wa Krismasi akichinjwa na mume wa jirani, ili pilau ile iweze kuliwa na mtaa mzima. Ndivyo tulivyokaa.

Idi ya mwaka ule ililetwa sahani nyeupe ya kaure, maua ya buluu ukingoni, imejaa vileja. Kabla hatujairudisha, ikatokea siku ya maji. Jirani alikuwa barazani anamalizia kofia ya mwanawe, ya kuvaa siku ya harusi, kazi ya miezi mitatu. Kutoka dirishani kwetu yakashuka maji ya kuoshea samaki, na magamba yake, yakaiangukia ile kofia.

Nilimwaga mimi. Nilitumwa niyateremshe mpaka mferejini, nikatazama vile vidato, nikatazama dirisha. Uvivu tu, sina la kujitetea.

Jirani akapiga kelele, bibi akatokeza. "Maji yametoka kwako, shoga!" Bibi akasema, "Nyumbani kwangu hapana mtu wa tabia hiyo." Jirani akasema, "Basi mimi muongo?" Bibi, kiburi kikampanda, akasema, "Umesema wewe, sikusema mimi." Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, mkono mdomoni. Milango miwili ikafungwa, na toka siku ile sahani ikakaa kabatini kwetu, na wale wanawake wakawa wanapishana uchochoroni kama wageni. Bibi alianza kula kidogo. Kahawa yake ya alasiri, aliyokuwa akinywa barazani kule, alikunywa jikoni kaupa uso ukuta.

Basi nikasugua. Mungu ananiona, nilisugua mpaka vidole vikachubuka. Wiki mbili nikamaliza vidato ishirini na tano, na ile ngazi ya mkaa ikaota mistari yake mizuri, imepangana. Halafu ikasimama. Vilibaki vitatu vya chini, na vile vilikuwa wazi kabisa mbele ya baraza ya jirani. Kila nikifika nusu ya ngazi nikisikia anakohoa kule nje, nilirudi juu. Jumapili ya tatu nikasema tumbo linauma. Jumapili ya nne nikasema mchanga umekwisha.

Bibi akautazama mlango, akanitazama mimi. "Ishirini na tano umevimaliza kwa wiki mbili. Vitatu vina nini?" Nikaokota ndoo nikatoka. Mpaka leo sijui kama alinipa ngazi ile kwa kujua. Nilimuuliza mama baadaye, akanambia bibi yako alikuwa akiona mengi kuliko aliyosema, na hilo si jibu.

Asubuhi ya mkesha duara la bibi bado lipo, ngazi yangu bado pungufu, na jogoo kafungwa mguu wa meza hana wa kumchinja. Mama akanong'ona na mjomba kuwa safari hii tutakula pilau peke yetu. Peke yetu! Neno lile liliniingia kama mwiba. Nikachukua ndoo nikateremka.

Jirani alikuwa barazani, kofia nyingine mapajani.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba."

Nikapiga magoti nikasugua kidato cha kwanza. Nikasikia uzi unavyopita kwenye kitambaa. Nikaingia cha pili. Akasema bila kuinua uso, "Naona leo maji yenu yanateremka kwa ngazi."

Nikalia palepale, kumbi mkononi. "Nilimwaga mimi, bi. Niliona uvivu kushuka."

"Najua."

"Unajua?"

"Nliuona mkono. Mkono kama kijiko, una ushanga mwekundu. Bibi yako ana mkono ule? Bibi yako akitoa mkono dirishani, mtaa unaingia giza."

Nikacheka na kamasi zangu. "Mbona hukunitaja?"

Akaitua kofia. "Ningekutaja ungepigwa, na mimi ningebaki muongo vilevile. Wallahi kofia hainiumi, mwanangu, nlishona nyingine na harusi ikapita. Miaka yote hii tunakula sahani moja, iweje siku moja tu ashindwe kuniamini?"

Nikaiacha ndoo juu ya kile kidato cha jiwe nikapanda mbio. Bibi alikuwa anauepua mkate wa kumimina, iliki imejaa chumba kizima. Nikasema yote kwa pumzi moja. Nikangoja kofi. Halikuja. Akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, polepole, kama mtu aliyetoka safari.

"Alijua?"

"Alijua."

"Na hakukutaja."

"Hakunitaja."

Kisha akafungua kabati, akaitoa ile sahani ya maua ya buluu, akaipangusa kwa kanga yake, akaugeuzia mkate juu yake. Mimi nikanyoosha mikono niipokee, kwa mazoea.

"Leo hapana," akasema. "Kilichokosa hapa ni mdomo wangu, si miguu yako."

Akateremka mwenyewe, pekupeku, sahani mkono mmoja, mwingine ukutani, maana vidato vya chini vilikuwa bado vimerowa. Mimi nikakimbilia dirishani. Dirisha lilelile.

"Hodi, shoga."

"Hodi ya nini, huoni nimekaa nje?"

"Nimekuletea sahani yako."

"Naiona. Na mtoto wa kuileta yuko wapi?"

"Mtoto keshasema lake. Nimekuja kusema langu. Ulisema kweli, nami nikakufanya muongo mbele ya watu. Nisamehe."

Hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe vyake. Jirani akauinua mkate ukingo, akauchungulia.

"Umeungua chini."

"Umeungua kidogo."

"Basi ni wako kweli, hukuazima." Wakacheka, bibi akashika nguzo ya baraza asianguke. "Na jogoo wenu nani kawachinjia?"

"Yupo mezani kafungwa. Toka jana tunatazamana naye."

"Mwache mume wangu atoke msikitini."

Kisha jirani akapanda kwetu. Vidato vyote, buibui kalishika juu, anasema ngazi imesuguliwa mpaka anaona haya kuikanyaga. Bibi akampeleka mbele ya mlango wa jiko. "Futa, shoga. Wewe ndiye uliyeona." Jirani akatia mate ncha ya kanga, akalifuta lile duara pole pole, akizungusha kama anayepangusa sahani yenyewe. Limau lilikuwepo pale mezani, hakuna aliyelikumbuka.

Ngazi yangu je? Mjomba alitumwa kwenda kuhesabu. Yule yule ambaye chokaa yake ilikauka asubuhi ileile! Akarudi anajikuna kichwa. "Ishirini na saba. Cha jiwe kina ndoo juu yake." Nikataka kukimbia nikakimalize, na kengele ikalia. Nikamwangalia bibi. Akatikisa kichwa, si kwa ukali. "Sheria ni sheria. Kitakungoja mwakani."

Krismasi ile tulikula watu wengi hata sikupata pa kukaa, nilikula ngazini, na sikuwahi kushiba vile tena. Bibi hakuiona iliyofuata. Alikwenda zake masika, kwa homa ya siku tatu, na jirani ndiye aliyemshika mkono. Nyumba ilikuwa ya kupanga, ikarudi kwa mwenyewe, sisi tukahamia Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na mlango wa jiko ukabaki kule na ngazi yangu yenye pengo.

Wiki iliyopita nimeuulizia. Umeondolewa zamani, hakuna anayejua ulikokwenda. Ngazi imevikwa zulia. Ng'ambo ya uchochoro, kwenye baraza ile, wanauza kofia za kiwandani na sumaku za kubandika kwenye friji. Hakuna karafuu inayonuka. Kidato cha jiwe tu ndicho kilichobaki, kimelika katikati kwa miguu ya watu.

Nikakunja kanga yangu, nikamwomba mjukuu wangu kikombe cha maji, nikainama. Kiuno kililia, nikakiacha kilie. Kijana mmoja wa hoteli akaja mbio, "Bibi, acha tafadhali, wapo wa kusafisha." Nikamwambia, "Hiki changu, mwanangu. Nshachelewa nacho." Nikasugua mpaka jiwe likaonesha weupe wake.

Niliponyanyuka nikatazama huku na huku, kama mjinga. Nilikuwa natafuta mtu wa kunifutia. Bibi hayupo. Jirani hayupo, mama na mjomba hawapo. Hicho ndicho kilichopotea, ukiniuliza mimi, zaidi ya karafuu na zaidi ya mlango: yule mtu wa kwenda kuona kwa niaba yako na kurudi kusema, naam, kafanya.

Mjukuu wangu alikuwa kasimama, macho yamemlowa. Hadithi nzima nilimpa njiani. Akatoa simu, akaongeza kidato cha jiwe kwenye yale malengo yetu, akaninyooshea. "Bonyeza, bibi."

Nikaurudisha mkono wake. "Bonyeza wewe," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyeona."