Kiti cha Mjomba wa Chola

Nilivuka ziwa kwa ajili ya mwanafunzi mmoja. Chola alikuwa amekwenda kwao Nchelenge kumzika mjomba wake, akaniahidi kurudi baada ya juma moja. Majuma manne yakapita. Mtihani wa kuingia chuo cha ualimu ulibakiza siku tisa, nami nikapata habari kwamba ukoo umemchagua arithi jina la marehemu pamoja na nyavu zake. Akirithi, harudi tena shuleni.

Mke wangu alinitania: "Uko na banafunzi makumi tatu na kenda, unafuata mumoja tu?"

Nikachukua kofia yangu.

Alfajiri niliondoka Kilwa yetu ya Kongo, upande wa Wabelgiji, kwa mashua ya wachuuzi wa samaki, nimekaa juu ya magunia ya chumvi. Ziwa Mweru lilitulia; asiyetulia ni mimi. Kila Jumamosi Chola alikuja shambani kwangu tukapalilia mihogo. Ana akili kama wembe, lakini mbele ya watu sauti humkauka. Basi nilimwambia aihutubie mihogo, kwa kuwa mihogo haicheki. Mimi nilisikiliza huku nikilima.

Adhuhuri tulifika Kashikishi. Harufu ya samaki vichanjani ilitupokea kabla ya watu. Nikaulizia njia, nikaenda kwa miguu hadi Nchelenge.

Alasiri niliingia uani kwa marehemu. Watu walikaa mikekani, na mlangoni palikuwa na kiti kifupi, kitupu. Nilikuwa nimechoka hoi. Nikakaa.

Wote uani wakanikodolea macho. Chola akanisogelea, uso umempauka.

"Mwalimu, ile ni kiti ya mujomba. Kesho asubui batanikalisha pale."

Niliruka kama niliyekalia siafu. Lakini bibi yake, mama mzazi wa marehemu, ambaye wote humwita Mayo, yaani Mama, akainua mkono. Kiswahili alikipata kwa kuwauzia samaki wachuuzi wa Kongo.

"Mukae, mumeisha kukaa. Mwenye kukaa pale anajibu sawa mujomba. Huyu Chola anaogopa kintu gani?"

"Anaogopa kusema mbele ya bantu, Mayo," nikamjibu.

"Na mulimufanyia nini?"

Nikaeleza habari za Jumamosi na mihogo. Watu wakacheka. Mayo hakucheka. Akaniuliza mtoto akikosea humkasirikia nani, na akiumwa nani humpikia uji. Nikajibu kwamba hujikasirikia mwenyewe. Uji huupika mke wangu, na nilisema hivyo kwa aibu kidogo.

Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Na weye unataka nini? Sema, bantu beko."

Chola akasimama. "Mayo, nilimupenda mujomba. Ninataka kusoma, nirudie kufundisha batoto ba hapa. Munipe miaka mbili..." Sauti ikakauka. Akameza mate, akanitazama, akaendelea mpaka mwisho. Machozi yalinitoka, wala sikuyaficha.

Asubuhi iliyofuata, badala ya Chola, kitini alikalishwa mtoto wa dada yake, wa miaka miwili, kavishwa mkononi shanga nyeupe za kurithi jina, akilia anataka kunyonya. Katika ukoo ule hata mtoto aweza kulitunza jina. Wazee wakampigia makofi kwa heshima zote, wakimwamkia: "Mwapoleni, mujomba!"

Mayo akaniambia, "Jina itakaa kwa huyu mutoto. Kazi ya mujomba, ya kuangalia Chola, itakaa kwenu, mpaka Chola atarudia."

Katika kurudi, Chola alilala fofofo juu ya magunia. Mimi sikuweza. Miaka kumi na mmoja nimefundisha, na hakuna aliyewahi kuniuliza mwanafunzi wangu anaogopa nini. Katikati ya ziwa nikaanza kujiuliza swali la Mayo juu ya wale wengine, jina kwa jina, wote thelathini na wanane. Jibu nililijua la watatu tu.

Nilipofika nyumbani nilimwomba mke wangu apike uji mwingi Jumamosi. Safari hii hakunitania. Aliuliza tu watakuja wangapi.